Shule ya Jirani: Mhadhara Kuhusu Kulinganisha Matokeo ya Shule



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo kila aliyemo humu ndani ana neno nalo. Je, kuzilinganisha shule kwa matokeo ya mitihani kunazifanya shule hizo kuwa bora zaidi? Nitasema mapema ninachokiamini, ili anayetaka kunipinga aanze kujiandaa. Naamini kulinganisha kunasaidia, tena sana, iwapo taarifa inamfikia mtu mwenye uwezo wa kufanya jambo, inamwonyesha shule ya kwenda kujifunza, na inawahesabu watoto wote, wakiwemo wale ambao hawakufika kwenye chumba cha mtihani. Orodha ya shule kumi bora haikuwa na hata moja kati ya sifa hizo, na ndiyo maana sikusikitika ilipoondolewa. Hofu yangu ni kwamba tulipoiacha orodha ile tuliacha pia kitu ambacho shule zetu za kawaida zilikuwa zinakihitaji, na hatujaweka kingine mahali pake.

Januari 2023, yalipotangazwa matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2022, Baraza la Mitihani la Tanzania lilieleza kwamba halitataja tena shule bora wala mwanafunzi bora. Kaimu Katibu Mtendaji wake wa wakati huo, Athumani Amasi, alitoa sababu ambayo mwalimu yeyote wa shule ya kata angeweza kuitoa yeye mwenyewe: utaratibu ule hauna tija, kwa kuwa wanafunzi hawakusoma katika mazingira yanayofanana. Tulikuwa tumeuzoea. Mwaka baada ya mwaka redio na magazeti yalirudia majina yale yale: St. Francis ya Mbeya, Kemebos na Kaizirege za Kagera, Marian ya Bagamoyo, Feza za Dar es Salaam. Shule hizo zina walimu hodari na wanaofanya kazi kwelikweli; sina la kuwapunguzia. Lakini huwachuja watoto kwa mtihani wa kuingilia, hutoza ada, zina mabweni, maabara na umeme wa uhakika. Mkuu wa shule ya kata ambaye ana mwalimu mmoja wa Fizikia kwa madarasa yote, alipoisoma orodha ile, alipata nini cha kwenda kukifanya shuleni kwake? Aliambiwa kwamba yuko mbali na kilele, jambo ambalo alikuwa analijua kabla gazeti halijachapishwa. Aliyefaidika hasa alikuwa mzazi mwenye fedha ya kuchagua. Orodha ilimwonyesha pa kupeleka ada yake. Hilo si kosa, ila tusiliite mkakati wa kuinua elimu ya nchi.

Kulikuwa na ulinganishaji wa namna nyingine, ambao haukuimbwa redioni, na huo ndio ninaotaka tuutazame kwa makini.

Wengi wenu mnaikumbuka Februari 2013. Matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2012 yalitoka na zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa wamepata ziro. Nchi ilishtuka. Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume, na ilipofika Mei serikali ikayafuta matokeo yale na kuagiza yapangwe upya. Katika shule za msingi nako hapakuwa na nafuu: mtihani wa Darasa la Saba wa mwaka huo wa 2012 waliufaulu watoto watatu tu, kwa kukadiria, katika kila kumi. Katika joto hilo ndipo ulipozinduliwa mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, ambao namna yake ya kufanya kazi iliigwa kutoka Malaysia. Elimu ikawekwa miongoni mwa sekta sita za mwanzo, na lengo likatamkwa wazi: ufaulu ufike asilimia 60 mwaka 2013, asilimia 70 mwaka 2014 na asilimia 80 mwaka 2015.

Upande wa elimu ulikuwa na mikakati tisa. Palikuwa na mafunzo ya walimu wa kufundisha Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, ujenzi wa miundombinu, kulipa madai ya walimu, kufikisha ruzuku ya uendeshaji kwa wakati, na mingineyo. Mkakati ambao ungeweza kutekelezwa haraka kuliko yote ulikuwa ule usiohitaji tofali wala posho: kuzipanga shule zote kwa nafasi, kila wilaya yake na taifa zima, na kuziweka nafasi hizo hadharani. Kwa mara ya kwanza shule ya msingi ya kijijini ilijua kwamba ni ya 71 kati ya 84 katika halmashauri yake, tuseme. Hapakuwa na fedha iliyokatwa kwa aliyeshika mkia, wala sheria ya kumfukuza mwalimu mkuu. Palikuwa na nafasi, imeandikwa, na kila mtu anaiona.

Je, ilisaidia? Kwa bahati njema swali hili limechunguzwa vizuri. Watafiti watatu, Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin, walichukua matokeo ya shule za msingi za nchi nzima kuanzia 2011 hadi 2016. Hoja yao ni rahisi kuifuata. Shule mbili zinaweza kuwa na wastani ule ule, lakini moja ipo katika wilaya yenye shule nyingi zinazofanya vizuri, kwa hiyo inaangukia mwishoni, na nyingine ipo katika wilaya dhaifu, kwa hiyo inaonekana ya katikati. Elimu inayotolewa ni ile ile. Fedheha ndiyo inayotofautiana. Wakaangalia kama shule iliyofedheheshwa ilibadilika kuliko mwenzake. Ilibadilika. Shule zilizokuwa katika sehemu mbili za chini kabisa kati ya kumi ndani ya wilaya zao zilipandisha ufaulu wao kuliko zilivyotarajiwa. Nafasi peke yake, bila fedha na bila adhabu rasmi, iliwasukuma watu.

Ninaliheshimu tokeo hilo na sitaki lipite haraka. Wapo wanaosema kupanga shule kwa nafasi hakuna faida yoyote, ni kuwadhalilisha walimu tu. Ushahidi wa nchi yetu wenyewe unakataa. Walimu wakuu waliokuwa chini walifanya jambo, pengine kwa kuwa afisa elimu alifika, pengine kwa kuwa kamati ya shule iliuliza, pengine kwa sababu hakuna binadamu anayependa jina la shule yake lisomwe mwisho mbele ya wenzake.

Lakini utafiti ule ule ulikuta jambo la pili, na hili ndilo lililonifanya nikubali kuja kuzungumza leo. Shule hizo zilizobanwa zilipunguza pia idadi ya watoto waliofika Darasa la Saba na kufanya mtihani. Baadhi ya watoto dhaifu hawakuonekana tena. Watafiti wanaliita kwa jina la kitaalamu. Sisi tuliokaa katika ofisi za walimu tunajua linavyofanyika. Mtoto anakaririshwa darasa. Mzazi anaitwa na kuambiwa kwa upole kwamba kijana wake angepumzika mwaka huu. Utoro ambao zamani ungefuatiliwa hadi nyumbani unaachwa ukomae. Hakuna anayemfukuza mtoto. Anaachiwa tu aondoke.

Tufanye hesabu kidogo, kwa mfano wa kubuni. Shule ina watoto 60 wanaopaswa kufanya mtihani, na 42 kati yao watafaulu. Ufaulu ni asilimia 70. Mwalimu mkuu asipofundisha hata kipindi kimoja cha ziada, asiponunua hata kitabu kimoja, ila akahakikisha watoto 10 walio dhaifu kabisa hawasajiliwi, wanaofanya mtihani wanabaki 50, wanaofaulu ni wale wale 42, na ufaulu unakuwa asilimia 84. Shule inapanda nafasi nyingi. Inapata cheti siku ya taaluma. Watoto 10 wamepoteza miaka yao sita au saba bila hata karatasi ya kuonyesha, na katika takwimu za pongezi hawamo popote.

Msinielewe vibaya kwamba ninawatuhumu walimu wakuu. Kipimo kilichoandikwa hivyo kinamlipa anayempoteza mtoto na kumtoza anayemshikilia. Mwalimu mkuu mwadilifu aliyekwenda nyumba kwa nyumba kuwarudisha watoro, akawasajili wote, alishushwa nafasi na uadilifu wake. Mfumo wowote unaomwadhibu mtu kwa kufanya kazi yake vizuri umekosewa pale ulipoandikwa, na anayepaswa kuusahihisha ni aliyeuandika.

Kenya waliyapitia haya kabla yetu na kwa ukali zaidi. Katika miaka ya KCPE na KCSE, mitihani yao ya kumaliza msingi na sekondari, siku ya matokeo ilikuwa kama siku ya uchaguzi mkuu. Shule ziliwarudisha darasa watoto wasiotarajiwa kung'ara au kuwasajili katika vituo vingine ili wasishushe wastani. Mwaka 2014 Waziri wa Elimu Jacob Kaimenyi alipiga marufuku upangaji wa shule na watahiniwa kwa nafasi, na mjadala wa kuurudisha haukuisha hata baada ya hapo. Kila upande ulikuwa na ukweli wake, kwa sababu kilichokuwa kinabishaniwa kilikuwa kutangaza au kutotangaza. Kipimo chenyewe kilikuwa kinahesabu nini? Swali hilo lilibaki pembeni.

Brazil walilijibu. Mwaka 2007 serikali yao ilianzisha faharasa ya elimu ya msingi, kwa kifupi IDEB, ambayo kila shule na kila manispaa hupewa. Faharasa hiyo haitazami alama za mtihani peke yake. Inazizidisha alama hizo kwa kiwango cha watoto wanaopanda darasa bila kukaririshwa wala kuacha shule. Ukiwarudisha watoto darasa ili mtihani upendeze, sehemu ya pili inashuka na kukuangusha. Ukiwapandisha wote kiholela bila kuwafundisha, sehemu ya kwanza inashuka. Kwa lugha ya mfano wetu wa watoto 60, ujanja wa kuwaondoa 10 haumpandishi mtu tena.

Katika jimbo la Ceará, kaskazini-mashariki mwa nchi hiyo, sehemu ambayo si tajiri hata kidogo kwa vipimo vya Brazil, walikwenda hatua moja mbele zaidi, na mimi nimevutiwa nayo kuliko jambo lolote nililosoma katika somo hili. Jimbo hutoa zawadi ya fedha kwa shule zinazofanya vizuri. Lakini shule iliyoshinda haipewi fedha yote. Inaunganishwa na shule mojawapo kati ya zile za chini, na hiyo ya chini nayo inapewa kiasi cha fedha. Walimu wa shule ya juu wanatakiwa kushirikiana na wa shule ya chini, na robo ya zawadi ya mshindi inazuiwa mpaka mwenzake asogee na yeye mwenyewe asishuke. Hebu fikirini maana yake kwa mwalimu mkuu. Shule ya chini haikutajwa ili ichekwe. Imetajwa ili ijulikane nani anakwenda kuisaidia, na anayekwenda ana sababu ya kutaka ifanikiwe. Katika jimbo hilo ndipo ulipo mji wa Sobral, ambao mwaka 2005 ulikuwa chini ya manispaa zaidi ya elfu moja za Brazil kwa matokeo ya madarasa ya awali ya msingi, na miaka kumi baadaye ukaongoza nchi nzima. Sobral walifanya mengi zaidi ya kulinganisha: waliacha kuteua wakuu wa shule kwa upendeleo wa kisiasa, na walihakikisha kila mtoto anapimwa kusoma mapema na mara kwa mara. Lakini kila walichofanya kilianza na kujua, kwa kila shule, nani yuko wapi.

Nirudi nyumbani kwenye tatizo la shule ndogo, kwa sababu linawaumiza watu isivyo haki na halizungumzwi vya kutosha. Shule yenye watahiniwa 20, mtoto mmoja akiugua malaria wiki ya mtihani, ufaulu wake umeshuka kwa asilimia 5. Shule yenye watahiniwa 200, mtoto huyo huyo ni nusu asilimia. Kwa hiyo shule ndogo hupanda na kushuka kwa kishindo mwaka hadi mwaka bila mwalimu yeyote kubadili ufundishaji wake. Watafiti wa Marekani, Thomas Kane na Douglas Staiger, walilionyesha hili mwanzoni mwa miaka ya 2000: kileleni na mkiani mwa orodha, kote kuwili, shule ndogo hujazana kupita kiasi. Mwaka huu mnaipongeza, mwakani mnaiita kujieleza, na vyote viwili ni bahati. Baraza letu la Mitihani lililiona tatizo hili, ndiyo maana lilizigawa shule katika makundi mawili, zenye watahiniwa 40 au zaidi na zile za chini ya 40, na katika ukurasa wa kila shule ya msingi liliandika nafasi ya shule kwenye kundi lake kihalmashauri, kimkoa na kitaifa. Ilikuwa hatua nzuri. Iliwaepusha wadogo kushindanishwa na wakubwa, ingawa haikuondoa kuyumba ndani ya kundi la wadogo wenyewe. Dawa yake ni nyepesi: chukua wastani wa miaka mitatu.

Tatizo la mahali mtoto anapoanzia ni gumu zaidi. England walianza kuchapisha majedwali ya shule mwaka 1992, na kwa miaka kumi walilaumiwa kwamba wanapima utajiri wa wazazi. Kuanzia 2002 wakaongeza kipimo cha maendeleo: mtoto aliingia na alama gani, ametoka na alama gani, na shule imemwongezea nini katikati. Wamekibadilisha kipimo hicho mara kadhaa tangu hapo, kila mara wakibishana, na nadhani ubishi huo ni wa afya. Wakati huohuo Wales, walio jirani zao na waliokuwa na mfumo karibu sawa, waliamua mwaka 2001 kuacha kabisa kuchapisha majedwali. Hapo tukapata jaribio ambalo hakuna mtu aliyelipanga. Wachumi wa Chuo Kikuu cha Bristol walipowalinganisha, waliona matokeo ya shule za Wales yalishuka yakilinganishwa na ya England. Hayakushuka kwa shule zilizokuwa juu. Robo ya juu haikuguswa. Walioumia ni shule za kawaida na za chini, zenye watoto wa maskini wengi. Ninalisema hili hasa kwa wale wanaodhani kwamba kunyamaza ni kuwahurumia wanyonge. Pazia likishushwa, shule yenye wazazi wenye sauti bado itaulizwa. Shule isiyo na mtu wa kuiulizia ndiyo inayosahaulika.

Hapa inabidi niseme neno juu ya wazazi, maana nimewasikia wengi wakisema: wapeni wazazi matokeo, wao watazibana shule. Ushahidi umegawanyika, na umegawanyika kwa sababu inayoeleweka. Katika vijiji 112 vya Punjab, Pakistan, watafiti waliwapa wazazi kadi zenye matokeo ya mtoto wao na ya shule zote za kijiji. Watoto waliongeza kujifunza na shule binafsi zikapunguza ada. Lakini katika vijiji vile mlikuwa na shule kadhaa, za umma na binafsi, kila moja karibu na nyingine. Mzazi aliweza kuhama. Kwetu Afrika Mashariki, watu wa mpango wa Uwezo walikwenda nyumba hadi nyumba Kenya, Tanzania na Uganda, wakiwapima watoto kusoma na kuhesabu mbele ya wazazi wao, na kuwaambia papo hapo walichokiona. Ni kazi kubwa, na taarifa zake zilituamsha sote. Hata hivyo watafiti walipochunguza huko Kenya kama wazazi walioambiwa walibadili mwenendo wao, hawakuona tofauti ya maana. Mimi sishangai. Mzazi wa kijiji chenye shule moja, ambaye shule ya pili iko ng'ambo ya mto, ukimwambia shule yake ni ya 71 umempa huzuni. Ana haki ya kujua, na sitaki afichwe. Lakini si yeye atakayemfundisha mwalimu namna ya kufundisha sehemu na desimali.

Anayeweza ni mwalimu mwingine. Ndiyo maana nauita mhadhara huu Shule ya Jirani.

Mwaka 2003 jiji la London lilikuwa na shule za sekondari zilizokuwa zinalalamikiwa nchi nzima. Chini ya mpango wao wa London Challenge, ambao ulidumu hadi 2011 na ambao kamishna wake wa mwanzo alikuwa mwanaelimu mkongwe Tim Brighouse, walizigawa shule katika familia. Kila familia ilikuwa na shule zenye watoto wa hali inayokaribiana: umaskini, alama za kuingilia, watoto wanaozungumza lugha nyingine nyumbani. Mkuu wa shule alipewa kitabu kinachomwonyesha familia yake. Humo alikuta shule yenye watoto kama wake kabisa ambayo inamzidi kwa Kiingereza, na nyingine inayomzidi kwa Hisabati. Kisingizio cha "watoto wangu ni wa namna hii" kilikufa, maana mwenzake ana watoto wa namna hiyo hiyo. Jina la shule lilikuwepo, kwa hiyo aliweza kupiga simu na kwenda. London ikapanda hadi kupita sehemu nyingi za nchi. Wataalamu wanabishana mpango huu ulichangia kiasi gani katika hayo yote, lakini wazo la familia ndilo ninaloliazima.

Kwa nini ninasema tunaweza? Kwa sababu vitu viwili vigumu kuliko vyote tunavyo tayari. Kila mwanafunzi wa shule ya msingi aliyesajiliwa katika PREM, mfumo wa kutunza kumbukumbu za wanafunzi, ana namba yake, inayomfuata akihama shule. Na kila mtoto anafanya Upimaji wa Kitaifa Darasa la Nne. Ukiunganisha hivi viwili, unaweza kumwambia mwalimu mkuu mambo ambayo hakuna orodha ya shule kumi bora iliyowahi kuyasema. Watoto 60 waliofanya upimaji wa Darasa la Nne shuleni kwako, wako wapi leo? Waliohamia shule nyingine namba zao zinaonekana huko. Waliopotea wanaonekana kwa kutokuwepo. Ufaulu wako uhesabiwe kwa hao 60, ukiwatoa waliohama na kuwajumlisha waliohamia, na usihesabiwe kwa waliobakizwa. Na kwa kuwa tunajua walianza na alama gani wakiwa Darasa la Nne, tunajua pia umewaongezea nini. Sera mpya ya elimu inaifupisha elimu ya msingi kuwa miaka sita na kuifanya elimu ya lazima kuwa miaka kumi, kwa hiyo mtihani wa Darasa la Saba hautakuwepo kama tulivyouzoea. Hesabu hii haitegemei mtihani ule. Inahitaji vipimo viwili na namba moja ya mtoto.

Kisha, kwenye ukurasa mmoja wenye taarifa hizo, mwonyeshe shule tano zilizo karibu kiasi cha kufikika kwa basi au bodaboda, na zinazofanana na yake kwa idadi ya watoto kwa mwalimu na kwa mahali watoto walipoanzia. Somo kwa somo, maana shule hazishindi kwa jumla; zina mwalimu mmoja wa Sayansi mwenye mbinu, au darasa la kwanza lenye bibi aliyefundisha kusoma maisha yake yote.

Niseme na la hatari, ili tusilisahau katika furaha. Kipimo kizuri namna gani, ukikitundikia kitanzi, watu watakivunja. Katika jiji la Atlanta, Marekani, ambako wakuu wa shule walijua kazi zao zinategemea alama, uchunguzi uliotolewa mwaka 2011 uliwataja waelimishaji 178 kwa kuhusika na udanganyifu. Wapo waliofuta majibu ya watoto na kuandika sahihi. Hapa kwetu mwaka 2018 matokeo ya Darasa la Saba ya halmashauri nzima na ya shule nyingine kadhaa yalifutwa, na watoto wakarudia mtihani kwa makosa ambayo hawakuyapanga. Kwa hiyo ukurasa ninaoupendekeza usitumike kumshusha cheo mtu. Kama mwalimu mkuu hafai, wathibiti ubora wa shule waende wakamwone anavyofanya kazi, waandike walichokiona, na uamuzi utoke hapo.

Fedha? Utafiti wa KiuFunza uliofanywa na shirika la Twaweza katika shule 350 za Tanzania ulionyesha kwamba kupeleka ruzuku shuleni peke yake hakukuwaongezea watoto alama. Ruzuku ilipoungana na motisha ya mwalimu kwa kila mtoto anayefaulu, ndipo kujifunza kulipopanda. Basi tusidai kwamba fedha itatosha, na tusidai kwamba taarifa itatosha bila fedha. Ruzuku ya elimu bila ada katika shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, na 4,000 kati ya hizo zilitengwa kwa vitabu. Shule ya watoto 300 inabaki na shilingi 1,800,000 kwa mwaka mzima, ya chaki, mitihani ya majaribio, ukarabati na kila kitu. Mtu asije akamwambia mwalimu mkuu huyo atoe humo nauli ya walimu watatu kwenda kukaa siku mbili katika shule ya jirani.

Nauli hiyo itoke kwenye fungu la siku ya taaluma. Halmashauri nyingi huandaa siku hiyo, na sipingi walimu kupongezwa. Wanastahili, na mara nyingi ndiyo siku pekee wanayosikia asante. Ninachoomba ni kwamba zawadi ya shule ya kwanza itolewe nusu siku ile, na nusu nyingine itolewe mwaka unaofuata, shule iliyounganishwa nayo ikishasogea. Anzeni na kata moja na somo moja. Mimi ningechagua Hisabati, kwa sababu katika Kidato cha Nne wanaofaulu somo hilo kwa miaka ya karibuni wamekuwa takriban robo ya watahiniwa au pungufu, na pengo hilo halianzi sekondari. Linaanza kwa mtoto wa Darasa la Tatu ambaye hajaelewa kukopa katika kutoa. Maafisa elimu kata mliopo hapa mnajua tayari ni shule gani katika kata yenu watoto hawaogopi hesabu. Mnajua na jina la mwalimu. Mwombeni mkurugenzi wa halmashauri nauli ya robo ya kwanza ya mwaka, na mwombeni mtu wa takwimu awatolee ukurasa mmoja kwa kila shule, wenye waliosajiliwa Darasa la Nne, waliopo leo, na majina ya shule tano. Mimi nitakaa hapa baada ya maswali na yeyote atakayetaka tuuchore ukurasa huo pamoja.